Uanaume Wenye Sumu: Historia ya Neno, na Historia Yetu



Yako maneno yanayotufikia kama nguo za mitumba: tunayavaa bila kuuliza yalishonwa kwa kipimo cha nani. Mojawapo ni hili, "uanaume wenye sumu". Linasikika katika semina, redioni, na katika mabishano ya vijana baada ya misa ya Jumapili. Wengine hulitamka kama hukumu iliyokwisha kukatwa: mwanaume ni sumu. Wengine hulicheka na kusema ni neno la wageni, lililoletwa kuvunja nyumba za Waafrika. Pande hizi mbili zinapingana, lakini zimeruka swali moja: neno lenyewe lina maana gani, na nani alilitamka kwanza?

Hapa Beni na Butembo swali hilo si mchezo wa wasomi. Kijana wa kwetu anaweza kukabidhiwa bunduki kwa kuambiwa tu, "Kama wewe ni mwanaume, njoo." Msichana anaweza kunyamazishwa maisha yake yote kwa kuambiwa, "Ndivyo wanaume walivyo." Kwa hiyo inafaa tulipime neno hili kwa historia, tuone linatusaidia wapi na linatupotosha wapi.

Neno lilikotoka

Wengi hudhani kwamba neno hili lilibuniwa na wanawake ili kuwashitaki wanaume. Sivyo. Lilianza kusikika huko Marekani, katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndani ya vikundi vya wanaume wenyewe. Wanaume hao walikuwa wakikutana kutafuta dawa ya majeraha waliyoyapata utotoni, hasa kwa baba zao. Shepherd Bliss, aliyekulia katika familia ya kijeshi, alilitumia kuutaja uanaume wa amri na mabavu aliouona kwa baba yake. Mwaka 1990 mshairi Robert Bly, wa harakati hiyohiyo, alitoa kitabu chake Iron John, ambacho kilisomwa na watu wengi sana. Watu hao hawakufundisha kwamba uanaume ni mbaya. Walifundisha kwamba uko uanaume mwema, na kwamba kuna kitu kingine kilichoufunika kama kutu inavyofunika chuma.

Baadaye neno likaingia katika kazi ya waganga. Mwaka 2005 Terry Kupers, mganga wa magonjwa ya akili, aliandika juu ya magereza ya wanaume nchini mwake. Aliona wafungwa wengi wakikataa kutibiwa roho zao, kwa kuwa gerezani kuomba msaada ni kujitangaza mnyonge, na mnyonge huonewa. Sumu aliyoieleza ilikuwa ile tamaa ya kuwatawala wengine, kuwadharau wanawake na kujithibitisha kwa jeuri, nayo iliwaua wanaume wenyewe kwanza.

Kisha, kuanzia mwaka 2017, wanawake wa nchi nyingi walipoanza kusema hadharani jinsi walivyonyanyaswa, neno likaenea duniani kote. Mwaka 2018 kamusi za Oxford zilichagua neno la Kiingereza lenye maana ya "enye sumu" kuwa neno la mwaka, na uanaume ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatanishwa nalo mara nyingi zaidi. Lakini neno likienda haraka huacha mizigo njiani. Lile lililozaliwa kama dawa likaanza kutumiwa kama jiwe la kurushiana.

Hebu tulitazame kwa jicho la nyumbani. Muhogo mchungu una sumu. Kila mama wa kwetu anajua. Lakini mama hautupi muhogo, wala haupiki ulivyo akawapa watoto. Huuloweka siku kadhaa, huuanika juani, huusaga, ndipo ugali ukafika mezani. Anayesema "muhogo una sumu" hakusema kwamba chakula ni kibaya. Anataja kazi inayopaswa kufanywa kabla ya kula. Anayesema uanaume una sumu, akilisema neno kwa maana yake ya kwanza, naye anataja kazi.

Uanaume kabla ya neno

Babu zetu Wanande, au Wayira, hawakuwa na neno hili, lakini walilijua jambo lenyewe. Wanaume walikuwa na kyaghanda, mahali pa moto ambapo wazee na vijana walikutana jioni. Hapo kesi zilisikilizwa, methali zilifundishwa, na kijana alijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusema. Kulikuwa pia na olusumba, kambi ya tohara, ambako wavulana walifunzwa uvumilivu na adabu ya watu wazima. Uanaume haukuhesabiwa kuwa kitu cha kuzaliwa nacho tu. Ulikuwa somo, na somo lilikuwa na walimu.

Tusiipambe hiyo kyaghanda kupita kiasi. Wanawake hawakuwa na kiti katika baraza hilo, na ardhi ilipita mikononi mwa wanaume. Mengi yaliyomlemea mwanamke hayakuletwa na mzungu. Lakini nguvu ya mwanaume ilikuwa na mipaka iliyojulikana, na wazee wa kumwita mtu aliyeivuka.

Ukoloni ulizigonga nguzo hizo. Dola ya Ubelgiji ilidai kodi ya kichwa kwa kila mwanaume mzima, na kuanzia mwaka 1917 ikalazimisha kilimo cha mazao iliyoyataka. Migodi ya dhahabu ikavuta vijana kutoka vijijini. Butembo yenyewe ilianza kukua katika miaka ya 1920 pamoja na shughuli za kampuni ya madini ya Maziwa Makuu. Kule kazini mwanaume aliyekuwa baba na mwamuzi kwao alipigwa kiboko mbele ya wenziwe, na akifanya kazi nyumbani kwa mzungu aliitwa "boi", yaani mtoto wa kiume, hata kama alikuwa na wajukuu. Kwa upande mwingine, afisa wa serikali alimtambua yeye peke yake kuwa mwenye nyumba: ndiye aliyeandikwa, ndiye aliyelipa, ndiye aliyeulizwa. Hivyo mwanaume akavuliwa heshima nje na kupewa utawala ndani. Mchanganyiko huo ni wa hatari. Anayedharauliwa barabarani na kufanywa mfalme sebuleni huweza kuitafuta kwa mkewe ile heshima aliyonyang'anywa na bwana wake.

Uhuru haukuifuta hali hiyo. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 iliandika kwamba mume ni kichwa cha nyumba na kwamba mke anapaswa kumtii. Ilimtaka pia mke apate ruhusa ya mumewe kwa shughuli za kisheria zilizompasa kufanya yeye mwenyewe. Mwaka mmoja tu baadaye, mwaka 1988, Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika barua yake juu ya hadhi ya mwanamke, Mulieris Dignitatem. Humo alieleza kwamba utii anaoutaja Mtume Paulo kwa Waefeso ni utii wa pande mbili, mume kwa mke na mke kwa mume. Ni wanaume wangapi wa jimbo letu wanaoukumbuka mstari wa kuwatii waume, na kuusahau ule unaoutangulia, unaowaagiza wote wanyenyekeane? Sheria ya nchi ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya mume ikaondolewa. Mwaka huohuo Papa Fransisko, katika aya ya 54 ya Amoris Laetitia, alikuwa amelaani ukatili dhidi ya wanawake ndani ya ndoa, na kuwakosoa wale wanaoutupia ukombozi wa wanawake lawama ya matatizo yote ya nyakati hizi.

Bunduki na miiko

Vita vilipofika, kuanzia mwaka 1996, uanaume ulipewa mwalimu mpya. Vijana wa Lubero, Butembo na Beni waliingia katika makundi ya Mai-Mai wakisema wanalinda ardhi ya mababu. Yafaa tukumbuke jambo ambalo wengi wamelisahau: mpiganaji wa Mai-Mai aliyenyunyiziwa maji ya dawa alifungwa na miiko. Hakuruhusiwa kuiba. Hakuruhusiwa kumgusa mwanamke. Aliamini kwamba akivunja mwiko, risasi itampata. Sisi hatuiamini dawa hiyo, lakini tunaona ndani yake fikra ya zamani: nguvu ya mwanaume ni nguvu pale tu anapoweza kujizuia.

Vita vilirefuka. Miiko ikafa, bunduki zikabaki. Vizuizi vikawekwa barabarani kutoza watu wale waliodaiwa kulindwa. Mtu aliyeitwa mlinzi akawa mtu wa kuogopwa na mama anayetoka shambani. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yameiandama wilaya ya Beni. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Mei 2021, na watu waliendelea kuzikwa. Katika mazingira hayo mwanaume mkimbizi, aliyekuwa na shamba la kakao au la mihogo, huketi kambini akimngoja mkewe arudi na chochote alichopata kwa kufulia watu nguo. Mtafiti Desiree Lwambo, aliyewahoji wanaume wa Kivu ya Kaskazini, aliupa uchunguzi wake jina linalouma: "Kabla ya vita nilikuwa mwanaume." Aligundua kwamba baina ya kile ambacho wanaume walifundishwa kuwa na kile wanachoweza kuwa kuna bonde, na kwamba jeuri nyingi huchipuka katika bonde hilo.

Matumizi mabaya ya kwanza: kulihukumu taifa zima

Mwaka 2010 Margot Wallström, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, aliiita nchi yetu makao makuu ya ubakaji duniani. Nia yake ilikuwa kuwaamsha wakubwa wa dunia. Lakini maneno hayo yalibaki kichwani mwa wengi kama maelezo: Wakongo wako hivyo, ni utamaduni wao. Hapo neno "sumu" linaacha kutaja ugonjwa na kuanza kutaja damu ya watu. Anayesema hivyo hana haja tena ya kuuliza nani anauza silaha, nani ananunua dhahabu na kakao ya magendo, askari gani hakulipwa mshahara, hakimu gani alipokea rushwa.

Historia ya mji wetu wenyewe inaupinga uongo huo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, na hadi ilipoisha mnamo Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Mamia ya wataalamu walikuja. Baadaye wanawake wa kwetu walieleza jinsi walivyodaiwa miili yao ili wapate kazi katika mapambano hayo. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021: iliwatambua watuhumiwa 83, Wakongo na wageni, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Hao hawakuwa wanamgambo wa msituni. Walikuwa na mshahara, magari na beji shingoni.

Basi, sumu haina kabila wala diploma. Hukua popote mwanaume anapokuwa na uwezo juu ya mwanamke na hakuna wa kumwuliza.

Matumizi mabaya ya pili: kisingizio

Upande wa pili wa kosa ni huu. Watafiti wawili kutoka Sweden, Maria Eriksson Baaz na Maria Stern, waliwahoji askari wa jeshi la taifa letu, na mwaka 2009 wakatangaza waliyoyasikia. Askari wengi walisema kwamba mwanaume asiye na fedha hawezi kumpata mwanamke kwa njia ya kawaida, na kwamba mateso na hasira za vita humsukuma kumchukua kwa nguvu. Hata walitofautisha ubakaji "wa tamaa" na ubakaji "wa ukatili", kana kwamba ule wa kwanza unasameheka.

Vijana, tusikilize kwa makini. Hapa uanaume uliojeruhiwa umegeuzwa kuwa wakili wa mkosaji. Ni kweli umaskini unaumiza, na vita vinaharibu akili. Lakini hesabuni wanaume wa kata yenu: walionyang'anywa mashamba, waliozika ndugu, wanaosukuma chukudu kutwa nzima kwa fedha kidogo. Walio wengi hawakumbaka mtu. Kama mateso yangekuwa sababu ya kutosha, wote wangekuwa wabakaji. Kueleza chanzo cha jeraha ni kazi ya mganga na ya mwanahistoria. Kumfutia mtu kosa ni jambo jingine. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia zinasimama juu ya ukweli huo: mtu anaweza kuumizwa, na bado akawajibika.

Matumizi mabaya ya tatu: kumwogopa kila mvulana, au kulitupa neno

Waswahili husema samaki mmoja akioza, wameoza wote. Methali hiyo inafaa sokoni. Kwa watu haifai. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni hatari kwa sababu tu ni mvulana, atachoka kujitetea. Ama atainama na kujichukia, ama atakwenda kwa wale wanaomsifu kwa hatari hiyohiyo, na wale wanaomsifu msituni wana bunduki za ziada. Mwalimu au kiongozi wa kikundi anayelitumia neno hili kuwatisha wavulana amefanya kazi ya mwandikishaji wa wanamgambo bila kujua.

Lakini wale wanaolitupa neno lote, wakisema ni propaganda ya wazungu, nao wanakimbia. Je, yule mke aliyevunjwa meno Jumamosi usiku na kuja misani akijifunika kitambaa, alipigwa na wazungu? Kama hatulipendi neno, tutafute letu. Tusiutumie ugeni wake kuficha uzee wa kosa letu.

Nchini kwetu wengi siku hizi hupendelea kusema "uanaume chanya". Daktari Denis Mukwege, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi mjini Bukavu na mshindi wa tuzo ya Nobeli ya amani ya mwaka 2018, amesisitiza mara nyingi kwamba kuwatibu wanawake hakutoshi kama wavulana hawalelewi vingine. Tarehe 25 Novemba 2021 viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Kinshasa na kutoa tamko juu ya uanaume huo. Ni jambo jema. Ila tamko haliloweki muhogo. Kazi hiyo hufanyika nyumbani, shuleni, katika shirika na katika vikundi vyenu.

Watu wawili wa kutazama

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, Kanali Olombe wa waasi wa Simba alimtaka Sista Anuarite Nengapeta awe wake. Alikuwa na cheo, alikuwa na silaha, na kwake hayo mawili yalitosha kuwa haki. Ndiyo sumu katika sura yake iliyo wazi: kudhani kwamba nguvu ni ruhusa. Anuarite alikataa, akauawa, akimsamehe muuaji wake. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, alitamka msamaha huo kwa jina la Kanisa lote. Msamaha huo haukusema kwamba tendo lilikuwa dogo. Ulimwita mwanaume aliyeanguka arudi kuwa mtu.

Mwingine ni kijana wa mkoa wetu, Floribert Bwana Chui, mlei aliyefanya kazi katika ofisi ya udhibiti wa bidhaa mjini Goma. Walimtaka apokee rushwa na kuachia chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa. Alitekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma. Hakuwa na bunduki, hakumtisha mtu, hakuwa na jeshi nyuma yake. Alikuwa na muhuri wa ofisi tu, akakataa kuupiga juu ya sumu ambayo ingeliwa na watoto wa maskini asiowajua. Anayetaka kumwambia kijana "uwe mwanaume" angeweza kuanza hapo.

Kwa hiyo tulipokee neno hili kama chombo, na tukishike mahali pake. Linafaa likitaja mafundisho yanayomfanya mwanaume aone aibu kulia, kuomba msaada, kuosha mtoto au kushindwa na mke wake katika hoja. Linafaa likimwuliza mwenye nguvu anaitumiaje. Linaharibika likitaja kabila, taifa au nusu nzima ya binadamu. Linaharibika vilevile likiwa blanketi la kujifunika mkosaji. Kyaghanda ya zamani haitarudi kama ilivyokuwa, wala hatuombi irudi ikiwa dada zetu wamefungiwa nje. Lakini moto wake, yaani wazee wanaokubali kukaa na vijana na kuwafundisha mipaka ya nguvu, tunaweza kuuwasha tena.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika familia zenu, mvulana akiambiwa "jikaze, wewe ni mwanaume", anafundishwa uvumilivu au anafundishwa kuficha? Toeni mifano bila kutaja majina ya watu.

2. Ni mtu gani katika parokia yenu ambaye nguvu yake huwafanya wengine wajisikie salama? Anafanya nini hasa?

3. Wasichana na wavulana mjibu kila kundi peke yake, kisha msikilizane: ni jambo gani moja ambalo kikundi chetu kinaweza kubadili mwezi huu katika namna tunavyogawana kazi, maneno na maamuzi?

4. Kijana mwenzenu akialikwa kujiunga na kundi lenye silaha kwa kuambiwa "onyesha kwamba wewe ni mwanaume", mtamjibu nini, na mtampeleka kwa nani?